Paa la kijani la nyumba ya babu: mambo ya kujua kabla hujapandisha ngazi

Kila mwaka Desemba ikifika katikati, simu za mafundi wa Moshi hazipumziki. Mtu ameshuka na basi kutoka Dar es Salaam, amepanda mpaka Kibosho au Marangu au Machame, ameweka mizigo barazani, amewaamkia wazee, kisha anainua macho. Paa la nyumba ya babu limeota zulia la kijani. Wageni wa Krismasi wako njiani, na picha za familia zitapigwa mbele ya nyumba hiyohiyo. Anatafutwa kijana mwenye mashine ya kuoshea magari, ile ya maji ya presha, na kufikia jioni kazi imekwisha.

Sisi tulifanya hivyo. Nyumba ya babu mzaa mama ni ya vigae vya udongo, ilijengwa enzi ambazo fedha ya kahawa ilikuwa fedha kweli. Kijana alikuja na mashine yake na kujiamini kwake, akaniambia, "Mangi, hili paa jioni hulitambui." Alisema kweli. Vigae vilirudi vyekundu, tukashangilia, tukamlipa na mbege juu. Masika yalipoanza, mama mdogo anayeishi katika nyumba hiyo alihamisha kitanda mara tatu ndani ya wiki moja. Maji ya presha yalikuwa yamerushwa kutoka chini kwenda juu, yakapenya chini ya vigae, yakasogeza vingine na kupasua kadhaa. Na kwa kuwa presha ilichuna ngozi ya juu ya vigae, uoto ulirudi upesi kuliko tulivyozoea, sasa ukiwa na pa kushikia pazuri zaidi.

Tangu hapo nimewasumbua mafundi na wakulima wa kahawa kwa maswali kuhusu jambo hili kupita kiasi. Kitu kimoja kimeniingia akilini: paa la zamani linaweza kuishi na uoto miaka mingi, lakini siku moja ya usafi usio na maarifa inaweza kulimaliza. Wakati mwingine hummaliza na msafishaji.

Ni nini hasa kilichoota

Mtaani yote huitwa ukungu au kuvu, na mkanganyiko unaanzia hapo, maana juu ya paa moja unaweza kukuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni lile zulia laini la kijani, nene kama sponji. Hiyo ni mimea kamili, ila midogo sana, na haina mizizi ya kweli. Ina vinyuzi vya kujishikiza tu. Maji inayanywa kwa majani yake moja kwa moja kutoka kwenye mvua na ukungu wa asubuhi. Kiangazi hukauka ikawa kahawia, ukadhani imekufa. Haijafa. Mvua ya kwanza ikinyesha, hufumuka tena ikawa kijani kwa muda mfupi. Huzaliana kwa vumbi la mbegu ndogo mno zinazopeperushwa na upepo, kwa hiyo hata ukikwangua mpaka punje ya mwisho, nyingine zinakuja kutoka kwenye mti wa jirani. Anayekuahidi kwamba haitarudi kamwe anakuuzia maneno.

Cha pili ni mabaka makavu ya kijivu, ya kijani kilichopauka au ya rangi ya chungwa, yaliyoganda kama rangi iliyomwagika. Hayo ni kuvumwani: kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama mke na mume. Yanakua polepole sana na yameng'ang'ania kigae kiasi kwamba ukiyakwangua unaondoka na ngozi ya kigae. Ushauri wangu ni mfupi: yaache.

Cha tatu ni weusi au ukijani mwembamba unaoteleza, kama ule wa ndani ya pipa la maji. Huo ni mwani. Unachafua sura ya nyumba na unaweza kukuangusha ukiukanyaga, basi.

Kwa hiyo tunapozungumzia kusafisha paa, tunazungumzia hasa lile zulia nene. Ndilo linaloshika maji, linaloziba gata, linaloinua ncha za vigae kidogo kidogo na kuyapeleka maji ya mvua kwenye mbao za kenchi badala ya kuyaacha yateremke.

Kwa nini huku kwetu, na kwa nini upande ule

Ushauri mwingi ulioko mtandaoni umeandikwa na watu wa Uingereza na Marekani, nao una makosa mawili ukiuleta Kilimanjaro ulivyo.

Kosa la kwanza ni baridi. Kule wanaogopa uoto kwa sababu maji yaliyomo ndani yake huganda usiku wa kipupwe, barafu hutanuka, kigae hupasuka. Moshi mjini hakugandi, na hata Kibosho kwenye migomba hakugandi. Hofu yao kubwa kwetu haipo, na ndiyo maana hatuna sababu ya kukimbilia kusafisha paa zima kwa pupa.

Kosa la pili ni upande wa dira. Kule wanaambiwa waangalie upande wa kaskazini wa paa, usiopata jua. Sisi tuko kusini ya Ikweta, nyuzi tatu na kidogo. Kuanzia katikati ya Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wa vichwa vyetu. Kipindi hicho kimebeba masika yote na ile miezi ya Juni na Julai ambayo mlima unajifunika na watu wa Arusha wanavaa makoti. Mteremko wa paa unaotazama kusini ndio unaopata jua hafifu wakati ambao maji ni mengi. Zunguka nyumba yako leo uangalie. Na ukikuta upande wa kaskazini ndio ulioota zaidi, inua macho kidogo: kuna mti. Nyumba za vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo ya Wachaga, zimezungukwa na miparachichi, miringaringa na migrivea, na zile za Shanty Town, mtaa wa Moshi mjini, zina mijakaranda iliyopandwa kabla hatujazaliwa. Kivuli na majani yanayooza juu ya paa ni shamba lililokwisha kuwekwa mbolea.

Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro ndiyo inayopokea mvua nyingi kuliko pande nyingine za mlima, nayo ndiyo yenye Kibosho, Uru, Old Moshi na Marangu. Anayejenga huko ajue uoto ni mwenyeji.

Swali la kwanza: paa lenyewe ni la nini?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye hatari ya kweli.

Nyumba nyingi za taasisi, shule na kota za serikali zilizojengwa kati ya miaka ya 1950 na 1980 ziliezekwa kwa asbesto, yaani mabati ya saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini. Baadhi ya kota hizo zimeuzwa, mabati yameng'olewa na kuuzwa tena, na leo unayakuta juu ya jiko la nje au banda la ng'ombe la mtu ambaye hajui ni nini. Yanafanana na bati la migongo, lakini ni mazito, ya kijivu, yana unene wa takriban milimita sita ukiangalia ukingo wake, hayapati kutu, na ukiyagonga hayalii kama bati. Yanatoa sauti ya kufa kama ya chungu kilichopasuka. Hayabonyei. Yanapasuka.

Asbesto iliyo nzima na iliyotulia ina hatari ndogo kwa mtu aliyelala chini yake. Tatizo linaanza inapokwanguliwa, inapokatwa, inapotobolewa au inapopigwa maji ya presha. Nyuzi zake hutoka zikiwa nyembamba kiasi ambacho jicho haliwezi kuziona, zikavutwa mpaka ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Shirika la Afya Duniani linaitaja asbesto ya kila aina kuwa chanzo cha saratani. Ubaya wake ni kwamba haina haraka: ugonjwa unaweza kujitokeza miaka 20, 40 au zaidi baadaye. Yule kijana aliyeosha paa akiwa na miaka 22 anaweza kuanza kukohoa akiwa babu, na hakuna atakayekumbuka ile Desemba. Kitambaa usoni au barakoa ya hospitali havizuii nyuzi hizo.

Kuna hatari nyingine ya asbesto inayoua siku hiyohiyo. Mabati haya yakizeeka huwa kama biskuti, na uoto mnene unaficha nyufa. Mtu anakanyaga, linapasuka, anaanguka mpaka sakafuni. Asipande mtu juu ya asbesto kuu kuu, hata aliye mwepesi.

Basi ukishuku kwamba ni asbesto, usivunje kipande ili uhakikishe. Uoto uache ulivyo. Punguza matawi yanayolitia kivuli. Gata izoe kwa mkono wenye glovu, takataka zikiwa zimeloweshwa, ukiwa umesimama kwenye ngazi na si juu ya paa, kisha zifunge ndani ya mfuko bila kuzianika wala kuzichoma. Kama mabati yamekwisha, hayo ni taka hatarishi. Waulize NEMC, baraza la taifa la mazingira, namna ya kuyaondoa na mahali pa kuyapeleka kabla hujamwita mtu mwenye nyundo.

Bati la kawaida lina hadithi nyepesi zaidi. Bati jipya haliotwi na uoto kwa sababu limepakwa zinki, na zinki inayoyeyuka kidogo kidogo na mvua huuchukiza uoto. Kwa hiyo ukiona bati limeota, ama limebeba matope na majani makavu kama kitanda, ama zinki yake imekwisha na kutu imeanza kazi chini ya lile zulia. Fagia kwa brashi laini na maji ya kawaida, kisha utazame kilichopo chini. Ukikuta vitobo, fedha ya kusafishia ihamishie kwenye mabati mapya. Kama bati la zamani lina rangi inayobanduka, usilikwangue likiwa kavu, maana rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Vivyo hivyo zile nyumba za kikoloni za Arusha zenye dohani: karibu na dohani mara nyingi pamezungushiwa utepe wa risasi, laini kama nta, unaochanika ukiburuzwa chombo cha chuma.

Vigae vya udongo nimeshavisema kwa uchungu. Nitavirudia mbele.

Dawa: mrututu, Jik na tenki la maji

Mkulima wa kahawa ana jibu tayari. Kahawa ikiugua chule buni au kutu ya majani, anachukua bomba la mgongoni na dawa ya kopa, yaani ya shaba, kama mrututu. Kwa nini asipulizie na paa? Shaba inaua uoto, hilo ni kweli. Lakini kumbuka darasa la kemia la sekondari, mwalimu alipochovya msumari kwenye maji ya buluu ya mrututu, ukatoka umevaa shaba. Shaba haikuja bure. Chuma kiliyeyuka kuipisha. Ndivyo inavyokuwa juu ya bati, juu ya gata za bati, juu ya kila msumari ulioshikilia paa. Shaba inaganda juu ya zinki na kila doa linageuka betri ndogo inayokula bati usiku na mchana. Unaua uoto na bati pamoja. Hata kama paa ni la vigae, jiulize maji yako yanateremkia wapi: kama ni kwenye gata ya bati, matokeo ni yaleyale, na kama ni kwenye mfereji wa shamba unaofika bwawa la samaki, shaba ni sumu kwao.

Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, inang'arisha haraka, ndiyo maana inapendwa. Nayo inakula zinki na misumari, inachoma maua yaliyo chini ya upenu, na ikichanganywa na siki au dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini. Juu ya ngazi, gesi hiyo ikikufikia huna pa kukimbilia. Chumvi, ambayo bibi zetu waliimwaga kwenye nyasi za uani, ni adui mkubwa wa bati kuliko uoto wenyewe.

Na kuna tenki. Upande wa Arusha hili lina uzito wa pekee. Vyanzo vingi vya maji kuzunguka Mlima Meru vina floraidi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ya watu waliokulia sehemu kama Ngarenanyuki yanasimulia hayo bila maneno. Kwa familia nyingi za huko, maji ya mvua yanayovunwa juu ya paa ndiyo maji salama ya kunywa na kupikia. Sasa fikiria mtu amepulizia paa hilo dawa, hajagusa bomba linaloingia kwenye simtanki. Atakunywa alichopulizia. Kwa paa linalovuna maji ya kunywa, mimi situmii dawa yoyote. Hata kazi ikiwa ni ya brashi na maji matupu, kwanza chomoa bomba la tenki, na usilirudishe mpaka mvua mbili tatu nzuri zimeosha paa na gata na maji yanayotoka ni meupe.

Namna ya kufanya kazi yenyewe

Tuchukulie paa ni la vigae, si asbesto, na zulia limekuwa nene kiasi cha kuinua vigae. Wakati mzuri ni Januari na mwanzo wa Februari, au Agosti na Septemba, jua likiwa limeukausha uoto mpaka ukasinyaa na kujiachia wenyewe. Desemba mvua za vuli bado zina mkia, paa linateleza kama sabuni, na wote tuna haraka. Najua likizo ni Desemba. Mwachie ndugu anayeishi pale fedha ya fundi, nawe urudi kazini kwako Januari ukiwa na roho safi.

Chombo ni kipande cha mbao kilichochongwa kama mwiko, pamoja na brashi ya nailoni au fagio la chelewa. Brashi ya waya weka mbali. Unaanza kileleni, kwenye kofia ya paa, na unafagia kuelekea chini, daima kuelekea chini, kwa sababu kigae kimelalia kigae mwenzake na chochote kinachosukumwa juu kinaingia kwenye maungio. Uoto uliojibana katikati ya vigae unachokolewa kwa mbao nyembamba bila kukiinua kigae. Chini unatandika turubai, kisha zulia lote unalipeleka kwenye migomba. Linafaa kama matandazo.

Kuhusu kupanda, nisikilize hata kama hukunisikiliza kwingine. Ngazi isimame mguu wake ukiwa umetoka ukutani mita moja kwa kila mita nne za urefu, ifungwe juu, na ncha yake ipite ukingo wa paa kwa kama mita moja. Usikanyage vigae moja kwa moja; laza juu ya paa ngazi nyepesi ya mbao yenye ndoano ya kushika kileleni, uzito ugawanyike. Kamba ya kiunoni ifungwe kwenye kitu kisichoondoka, na gari si kitu kisichoondoka; mtu anaweza kuliwasha akaenda dukani. Viatu viwe vya soli ya mpira, ndala ziachwe barazani. Angalia waya wa umeme unaoingia nyumbani, maana mara nyingi umeshikwa palepale kwenye upenu, na ngazi ya aluminiamu ikiugusa hakuna wa kuulizwa. Watoto wasiwe chini. Kama nyumba ni ya ghorofa au paa limesimama sana, mlipe mwenye kazi yake.

Vigae vilivyopasuka vibadilishwe siku hiyohiyo. Vya aina ya zamani ni vigumu kuvipata dukani, lakini mara nyingi jiko la nje au stoo ya nyumba hiyohiyo liliezekwa kwa vigae vilevile. Chukua kule, jiko livae bati.

Baada ya hapo kuna hila moja ya bei ndogo niipendayo. Paa za vigae zilizofunikwa kileleni kwa kofia ya bati la zinki mara nyingi zina mstari safi chini ya kofia hiyo. Ni ileile zinki inayoteremka na mvua. Utepe wa bati jipya la zinki, upana wa kiganja hivi, ukipachikwa chini kidogo ya kilele kwa urefu wote wa paa, unafanya kazi hiyo kwa miaka. Hautaua zulia lililokwisha kuota, ila utaupunguzia kasi ule unaorudi, na nguvu yake inafifia kadiri unavyoteremka kuelekea upenu.

Lakini dawa kubwa ni jua, na jua linataka tawi liondoke. Nyumbani kwetu mti wenye hatia ni mparachichi ulio nyuma ya chumba cha mama mdogo. Nilipomweleza kwa upole, nikiwa nimeshika panga, alinitazama kama mtoto aliyetukana. Ule mti, alisema, umesomesha watoto watatu. Tumekubaliana matawi mawili, yale yanayogusa vigae, na yakatwe baada ya mavuno. Upande wa kusini wa paa bado ni kijani. Haujavuja tangu fundi mzee wa Uru alipobadilisha vigae vilivyopasuka, na Krismasi iliyopita tulipiga picha tukiwa tumesimama upande wa kaskazini.